Kanuni ya Nash Haitainywesha Kibera

Mwandishi mmoja anadai maji haba ya bwawa la Ndakaini yagawanywe kwa nadharia ya michezo, yaani hesabu ya maamuzi ya wanaoshindana: viwanda, mitaa ya kifahari na vitongoji duni vya Nairobi vijadiliane, kisha kanuni ya mwanahisabati John Nash ya 1950 itoe mgawo wa haki.

Kanuni hiyo ameisoma nusu. Nash huanza kwa kuuliza kila mmoja atabaki na nini mazungumzo yakivunjika. Mwenye kisima kirefu kule Karen, mtaa wa kifahari, atabaki na maji. Mama wa kitongoji cha Kibera atabaki na mtungi mtupu. Basi asiyeumia akisusa ndiye atakayevuna zaidi. Hiyo ni hesabu ya nguvu, si ya haki!

Na ati, kama anavyotarajia mwandishi huyo, kila mtu atataja matumizi yake ya kweli? Bomba lililochepushwa usiku halijazi fomu. Kiwekwe kwanza kiwango cha chini cha maji cha kila mkazi, kisichojadiliwa. Wajadiliane kuhusu yatakayosalia.