Usimwambie mama asubiri

Safu ya kila wiki: Neno la Nyumbani
Na Hawa Niyonkuru, Bujumbura

Mama wa Buyenzi akisema kwamba mwanawe ametimiza miaka miwili na bado hajatamka neno, hakosi wa kumtuliza. Mama mkwe atamwambia baba wa mtoto naye alichelewa, na leo nani anaweza kumnyamazisha? Jirani atasema watoto wa kiume ni wazito wa ulimi. Shangazi atalaumu lugha: nyumbani Kiswahili, kwa bibi Kirundi, shule ya watoto wadogo Kifaransa, redio nayo inaimba Kilingala, mtoto ashike ipi? Wote wanasema kwa mapenzi. Na kwa mapenzi hayo hayo wanampotezea mtoto miezi ambayo hakuna atakayemrudishia.

Mimi nasema shaka ya mama ichukuliwe kama tunavyochukua homa. Mtoto akichemka usiku hatumwambii mama asubiri mwaka mmoja aone itakuwaje. Kwa nini tumwambie hivyo anapohisi kwamba mwanawe hasikii?

Hilo la lugha nyingi tulimalize mapema, maana linawafunga wazazi wengi wa mji huu. Lugha mbili au tatu hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Mtoto wa Buyenzi au Bwiza anayesema maneno machache ya Kiswahili na machache ya Kirundi anahesabiwa yote pamoja. Anayefika mwaka bila kuitika jina lake, au miaka miwili bila kuunganisha hata maneno mawili katika lugha yoyote, hakuchanganywa na Kirundi. Kuna kitu kingine, na cha kwanza kuchunguzwa ni masikio, kabla ya mtu yeyote kuugusa ulimi. Wako wanaokimbilia kumkata mtoto uzi wa chini ya ulimi, au kilimi, kwa mtu asiye daktari na kwa wembe asiojua umetoka wapi. Uzi mfupi unaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumzuii kujifunza lugha. Damu na pepopunda vinaweza kumuua.

Kinachotudanganya zaidi ni kwamba mtoto asiyesikia haonekani hivyo. Anacheka, analia, na katika miezi ya mwanzo anatoa visauti kama wenzake. Ni baadaye, wenzake wanapoanza ba-ba-ba na ma-ma-ma katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, ndipo yeye anabaki nyuma au ananyamaza kabisa, na nyumba yenye watoto wengi haitambui ukimya wa mmoja. Baba akipiga makofi mbele yake, anageuka kwa sababu ameona mikono au amehisi upepo. Mlango ukibamizwa, anashtuka kwa mtikisiko wa sakafu. Hata ngoma zetu, hizi ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika urithi wa dunia usioshikika, mtoto kiziwi anaweza kuzichezea vizuri kabisa, kwa sababu mdundo wake unaingia kifuani na miguuni. Nimesikia watu wakisema, "Huyu anacheza ngoma, atakuwaje kiziwi?" Anaweza.

Tena wapo wanaosikia nusu. Sauti nzito zinawafikia, nyembamba hazifiki. Mtoto wa namna hii anasikia pikipiki ikipita, lakini sauti za s, f na t zinampotea, basi maneno yanamjia yakiwa yametoboka. Tunamwita mkaidi na kumchapa kwa kutosikia, na kweli hasikii.

Jaribu hivi nyumbani, mama mwenzangu. Mtoto akiwa ametulia na kitu chake cha kuchezea, simama nyuma yake asipokuona, usipige mguu chini, umwite kwa sauti ndogo. Rudia upande wa pili, na urudie siku nyingine. Asipogeuka, nenda kituo cha afya. Akigeuka na shaka yako haijaondoka, nenda vilevile, kwa sababu jaribio la nyumbani si kipimo, na kipimo chenyewe kipo. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa sikioni mwa mtoto aliyelala na kusoma mwitikio wa sikio lake, bila sindano na bila mtoto kusema neno. Mtoto mchanga wa siku chache anaweza kupimwa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilisema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Ukiyasikiliza mambo hayo unaona ni ya mitaa yetu: surua, rubela ya mama mjamzito, homa ya uti wa mgongo, mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, umanjano mkali wa siku za kwanza, na sikio linalotoa usaha miezi na miezi. Usaha huo tumeuzoea mno. Tunatia mafuta ya moto, maziwa ya mama, maji ya majani, tunasubiri ukauke. Sikio la mtoto halitiwi kitu asichoagiza mganga wa hospitali.

Mwongozo wa shirika hilo wa kuhudumia watoto wagonjwa, unaotumika katika nchi nyingi za Afrika, unamtaka muuguzi aulize kama sikio linauma na kama linatoa usaha. Haumwambii aulize kama mtoto anasikia. Hapo ndipo naiomba Wizara ya Afya iongeze swali moja. Mama analeta mtoto kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Aulizwe: anageuka akiitwa? Anatoa sauti kama watoto wengine? Jibu liandikwe kwenye kadi, na penye shaka atumwe kwa daktari wa masikio. Madaktari hao ni wachache na wengi wako hapa Bujumbura, nalijua hilo, na kwa mama wa Rumonge au Cibitoke safari ni nauli. Ndiyo sababu asitumwe mtoto akiwa na miaka sita.

Maana miaka sita ndipo wengi wanagunduliwa, mwalimu anapolalamika. Tangu Mei 2006 mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo anayesubiri shule amekwisha kuupita msaada huo. Na ubongo nao haukusubiri. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, huko Colorado, Marekani, walionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi sita na kusaidiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye.

Kusaidiwa si lazima kuwe kusikia tena. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, alianzisha shule za viziwi zaidi ya 30 barani Afrika, Burundi ikiwemo, kabla ya kufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Yeye uziwi ulimkuta tayari ana lugha kichwani. Mtoto aliyezaliwa haisikii, na hakuna aliyemwonyesha ishara, anakaa miaka bila lugha yoyote, akiwa katikati ya watu wanaompenda.

Kwa hiyo, mama, ukifika kituoni usiseme mtoto ana mafua. Sema, "Nina shaka kama mwanangu anasikia, naomba apimwe masikio." Ukiambiwa atasema tu, omba kwa adabu uandikiwe karatasi ya kwenda kwa daktari wa masikio, na usiondoke bila hiyo karatasi.