STAA AMCHANA KONDA WA DALADALA, KUMBE TATIZO NI HESABU YA BOSI

Staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni, katupia klipu aliyoirekodi akiwa ndani ya gari lake kwenye foleni ya Buguruni. Konda wa daladala anaonekana kaziba mlango kwa mkono. Wanafunzi watatu wenye mabegi mgongoni wamebaki chini, watu wazima wanapita. Dada kaandika kwamba makonda hawana utu na hawakulelewa. Komenti zikamiminika, nyingi matusi matupu.

Hasira hiyo ina haki yake. Mtoto anayeachwa kituoni saa 12 asubuhi anafika shule kipindi kimeshaanza na fimbo inamsubiri. Akiachwa jioni, giza linamkutia njiani. Kama ni wa kike, hapo ndipo anapotokea jamaa wa bodaboda anayejitolea kumpeleka "bure". Kila mtu kitaani anajua bure hiyo huwa inaishia wapi.

Lakini kumshushia konda matusi peke yake ni kumgombeza aliyetumwa na kumwacha aliyemtuma.

Suka na konda wengi wa Dar hawana mkataba wala mshahara. Asubuhi wanakabidhiwa gari, jioni bosi anataka hesabu, kiasi alichopanga mwenyewe. Wakitoa hesabu, mafuta na faini ya trafiki, kinachobaki ndio chao. Kisipobaki, siku hiyo wamefanya kazi ya bure. Hesabu ikipungua siku mbili tatu, gari anapewa deiwaka mwingine.

Sasa mwanafunzi anakaa siti ileile ya mtu mzima na kulipa nauli ndogo. Serikali ndiyo iliyopanga apunguziwe, na ni jambo jema. Ila pengo la hiyo nauli halizibwi na hazina, wala bosi hapunguzi hesabu yake. Linatoka mfukoni mwa konda. Yaani nchi inatoa ofa kwa watoto wake, bili anapelekewa kijana anayening'inia mlangoni. Halafu watu wanashangaa kwanini anafunga mlango.

Kujaza watu mpaka mlangoni, kukatisha ruti, magari mawili kukimbizana kugombea abiria wa kituo kimoja, yote yana mzizi huohuo. Tangu mabasi ya watu binafsi yaruhusiwe rasmi Dar mwaka 1983, gari linaishi kwa kichwa cha abiria. LATRA inatoa leseni na kupanga nauli, lakini leseni hailipi mtu mshahara.

Yapo majiji yaliyopanga mambo kivingine. London mabasi yale mekundu yanaendeshwa na kampuni binafsi, lakini mamlaka ya usafiri ya jiji, TfL, ndiyo inayopanga ruti, ratiba na nauli. Kampuni zinagombania tenda ya ruti kwa ruti, na mkataba ni wa miaka kadhaa. Kampuni inalipwa kwa kuendesha basi kama ilivyokubaliwa, pesa za nauli zinaenda kwa mamlaka. Abiria wakisubirishwa kuliko ilivyopangwa, malipo yanakatwa. Huduma ikiwa nzuri, kuna bonasi. Watoto wa chini ya miaka 16 wanapanda basi bure, na dereva hana sababu ya kuwafungia mlango, maana mshahara wake uko palepale.

Mtu atasema London ni ya matajiri. Sawa, twende Bogotá, Kolombia. Kule nako madereva walikuwa wanakimbizana kugombea abiria, mpaka watu wakaiita vita ya senti. Desemba 2000 wakaanzisha TransMilenio, wenye mabasi wakawa wanalipwa kwa kilomita na makusanyo ya nauli yakapewa kampuni nyingine. Mwendokasi ya Dar, iliyoanza 2016, ilichota mengi kutoka huko.

Hapo ndipo utata unapoanza. Dereva wa mwendokasi hakimbizi hesabu, lakini watu bado wanasubiri mpaka miguu inaota mizizi, na basi likija wengine wanaingilia dirishani. Ina maana mkataba bila meno ni karatasi tu. Abiria wa Kimara alipaswa kujua mabasi mangapi yameahidiwa kwa saa, na opereta anakatwa shilingi ngapi yasipokuja. Mambo hayo yabandikwe kituoni pale ukutani, sio yafungiwe kabatini.

Pesa itatoka wapi? Hata London nauli peke yake haitoshi, jiji linaongezea. Dar inaweza kuanza na kidogo: mwenye gari alipwe lile pengo la nauli ya mwanafunzi, na bosi anayelipwa awaajiri suka na konda kwa mshahara. Kuhesabu wanafunzi sio sayansi ngumu. Watu wameshazoea kugonga kadi kwenye kivuko cha Kigamboni na Uwanja wa Mkapa. Gharama ya kutofanya hivyo tayari inalipwa, ila anayeilipa ni binti wa kidato cha pili aliyesimama kituoni saa 1 usiku.

Kwa hiyo dada staa hajakosea kurekodi, kakosea kuishia mlangoni. Wafuasi anao, sauti anayo. Klipu ijayo aelekeze kamera kwa mwenye gari na kwa wanaosaini mikataba. Ila aandae moyo, maana hapa mjini kuna mastaa wenzake wenye daladala, wanaopokea hesabu kila jioni kwenye simu huku wakigonga "like" kwenye klipu yake.

Wewe unamlaumu nani: konda, bosi au serikali? Tupia komenti yako hapo chini, matusi hapana.