Kemia si Mali ya Kiingereza

Kuna kauli inayotolewa katika mijadala yetu ya lugha kwa utulivu wa mtu anayetaja saa: kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, ila hakitoshi kwa sayansi. Wanaoisema si wageni. Ni wasomi wetu, ni wazazi, na, hili ndilo linaloniuma, ni malenga wenzangu ambao huipokea nusu ya kwanza kama sifa na kuinyamazia nusu ya pili. Mimi nazikataa nusu zote mbili. Lugha inayosifiwa kwa utamu peke yake imekwisha kuachishwa kazi.

Mfano wangu ni kemia ya mwanzo kabisa, ile ya maada, elementi na atomu, na nitaupima huko Mbinga na kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Mtoto wa milima ya Umatengo huanza kusema kwa Kimatengo. Mwenzake wa Liuli au Mbamba Bay kwa Kinyasa, Kimpoto au Kimanda. Wote wawili hukutana na Kiswahili sokoni na shuleni, na kwa miaka yote ya shule ya msingi hujifunza kwa Kiswahili hicho kwamba maada huwa yabisi, kimiminika au gesi. Wanaingia kidato cha kwanza, na mlango unafungwa. Maneno yale yale waliyoyatolea jasho hayatakiwi tena. Wanapewa fasili ya Kiingereza ya maada, wanaikariri, wanaiandika katika mtihani wakapata alama moja, na hakuna hata mmoja anayethubutu kunyoosha mkono kuuliza moshi wa jikoni huwa ni hali ipi kati ya zile tatu. Swali hilo ni zuri mno, kwa kuwa moshi ni chembe za yabisi zilizoelea ndani ya gesi. Lakini swali zuri huhitaji lugha ya kuulizia.

Ngao ya kwanza ya wapinzani wangu ni msamiati: maneno hayapo. Yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Miaka 8 kabla yake, Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Mwaka 1985 ulifika, ukapita. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikaahidi Kiswahili katika ngazi zote, na hadi leo kidato cha kwanza hufundishwa kemia kwa Kiingereza. Kwa hiyo tusisingizie kamusi. Kamusi ilitangulia kufika, ikakaa kibarazani ikingoja mwenye nyumba.

Ngao ya pili wanaishika watu wa upande wangu, wale wanaojiita walinzi wa lugha. Kwao, atomu na elementi ni makombo ya wazungu, na afadhali tukae bila sayansi kuliko kuyala. Nawauliza: dhahabu ni neno la nani? Fedha, zebaki na risasi je? Yote yametoka Uarabuni, na leo hakuna mshairi anayeomba radhi kwa kuitia dhahabu katika beti zake. Lenyewe neno kemia limepita katika Kiarabu kabla ya kufika Ulaya. Na alama za elementi, ambazo mwanafunzi wa Mbamba Bay hudhani ni Kiingereza kitakatifu, kadhaa si Kiingereza hata kidogo: Fe ya chuma, Au ya dhahabu na Pb ya risasi ni Kilatini, na K ya potasiamu imetokana na jina ambalo mzizi wake ni Kiarabu. Mtoto wa London hukariri Pb akijua kwamba kwa lugha yake risasi haina p wala b. Hajaambiwa kwamba lugha yake haitoshi.

Tena neno halilazimiki kusema kweli kuhusu asili yake ili lifanye kazi. Atomu kwa Kigiriki ni kisichokatika, na imekatika. Oksijeni ilipewa jina la mzaa asidi na Lavoisier, aliyedhani kila asidi inayo; ziko asidi zisizo nayo. Wajerumani, ambao walikuwa na bandari Liuli wakiiita Sphinxhafen, waliitafsiri dhana hiyo hiyo kwa lugha yao wakapata kitu kama kiini cha uchachu, na kemia yao haikudhurika. Kukopa ni njia, kutafsiri ni njia. Kinachoua ni kusitasita. Sisi tuna maada na mata, yabisi na mango, kimiminika na kiowevu, na kila kitabu huchagua chake. Anayelipa gharama ya ubishi wetu ni mtoto.

Lakini msamiati wa majina ndio sehemu rahisi. Nguvu ya Kiswahili katika kemia iko kwenye vitenzi, na hapa ndipo nawashangaa malenga, ambao huviungaunga vitenzi kutwa kucha kwa ajili ya vina. Joto huyeyusha, barafu huyeyuka. Mpishi huchemsha, maji huchemka. Moto huunguza, kuni huungua. Kiingereza hutumia kitenzi kile kile kwa mpishi na kwa maji, mwalimu akalazimika kueleza nani anatenda na nani anatendwa. Kwetu silabi moja imemaliza kazi. Angalia pia tofauti ya kuchanganyika na kuungana. Mchanga na majani ya chai huchanganyika, na mwenye subira anaweza kuvitenganisha. Hidrojeni na oksijeni huungana, na kinachozaliwa ni maji, ambayo hayafanani na mzazi yeyote. Samaki wa Ziwa Nyasa anazungukwa na oksijeni hiyo iliyoungana, wala haimsaidii. Anayopumua ni ile iliyotoka hewani na kuchanganyika na maji. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 700, na chini ya mita 250 hivi oksijeni hiyo huru haipo, samaki nao hawapo, ingawa maji ni yale yale na kila molekuli yake ina atomu moja ya oksijeni. Mtoto wa mvuvi akielezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, amekwisha kuijua tofauti ya mchanganyiko na msombo.

Udhaifu upo pia, nami sitauficha, kwani ndio kazi yetu hasa. Kitenzi kuyeyuka tumekibebesha mizigo miwili. Tunasema barafu imeyeyuka, na tunasema chumvi imeyeyuka kwenye mboga. Mambo hayo hayafanani. Barafu imehitaji joto tu. Chumvi imehitaji maji, na bila maji haiyeyuki mpaka nyuzi 801. Wako wanaotumia kumumunyika kwa chumvi na mmumunyo kwa maji ya chumvi, na nawaunga mkono kwa nguvu zote. Kumumunya tunakujua tangu utotoni: ni pipi mdomoni, ni bibi asiye na meno na kipande cha muwa. Kitu kinaisha machoni, utamu unabaki. Hakuna mwalimu wa kemia atakayepata picha bora kuliko hiyo. Washairi wakilishika neno hili likazoeleka masikioni, kazi ya mwalimu imepungua nusu.

Wanaosema mambo haya ni nadharia ya mezani waende wakasikilize wakulima. Mkulima wa korosho Tunduru hunyunyiza salfa dhidi ya ubwiri unga, na hilo ni jina la elementi, alilitamka bila kungoja kibali cha baraza lolote. Mababu walikwisha kuiita kibiriti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti. Kamusi zetu zina mrututu, chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ambayo ikichanganywa na chokaa imekuwa dawa ya ukungu wa mimea tangu karne ya 19. Mkulima wa kahawa Mbinga anajua dawa zenye shaba huzuia kutu ya majani. Kutu hiyo, naongeza pembeni, si kutu ya jembe: moja ni kuvu, nyingine ni chuma kilichoungana na oksijeni penye unyevu. Somo zima la mabadiliko ya kikemia limelala ndani ya neno hilo moja lenye maana mbili, nasi tunalipita.

Na kaboni! Kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, malori hubeba makaa ya mawe, mabaki ya mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Jikoni kuna mkaa, na chini ya sufuria kuna masizi. Mkononi mwa mwanafunzi kuna kalamu ya risasi, ambayo haina risasi hata chembe, ina grafiti. Mwadui kuna almasi. Almasi na grafiti ni kaboni tupu, mkaa na masizi ni kaboni kwa sehemu kubwa, na makaa ya mawe ni kaboni iliyochanganyika na majivu, salfa na mengineyo. Atomu ni za aina moja, kila moja ina protoni 6. Kilichotofautiana ni jinsi zilivyoshikana, ndiyo maana moja hukata kioo na nyingine huacha alama kwenye karatasi. Ni nani aliyesema dhana hii inahitaji Kiingereza ili ieleweke?

Wazazi watanijibu kwamba Kiingereza ndicho chenye ajira. Sina ugomvi na Kiingereza. Kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa, na mwalimu wa Kiingereza katika kipindi cha Kiingereza. Kukifundisha kwa mlango wa nyuma, kupitia mwalimu wa kemia ambaye naye anakitafuta, kumempotezea mtoto masomo mawili kwa mpigo.

Kwenu malenga nina dai moja la wazi. Vitabu husema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ni habari ya usawa wa bahari. Kwenye milima ya Umatengo inayofikia mita 1,500, kani ya hewa imepungua, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana maharage ya huko huchelewa kuiva kuliko ya Mbamba Bay, na kila mama anayejua sehemu zote mbili anaweza kulithibitisha. Andikeni hilo. Liandikeni kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa bahari mtakayoichagua, mizani zikitimia, tuone kama kuna neno litakalokosekana.