Mama hakuulizwa bei

Kibanda cha video nilichoingia kwa mara ya kwanza kilikuwa Kirumba, Mwanza: mabati, magunia, mabenchi yasiyo na egemeo na televisheni moja juu ya meza. Wasichana tulikuwa wachache, na mama alinichapa kila alipojua nilikotoka. Nilirudi hivyo hivyo. Nilimfuata Lufufu, aliyekuwa akitafsiri mikanda kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wenyewe, na nilimfuata Jackie Chan.

Naanza na picha za mapigano kwa sababu ndizo wasomi wenzangu wanazozidharau. Katika Police Story ya mwaka 1985, Jackie Chan anaruka ndani ya jengo la maduka, anadaka nguzo iliyozungushiwa taa na kuteleza nayo hadi chini huku balbu zikipasuka. Iliunguza mikono yake kweli. Picha zake zilipokwisha hakuna aliyenyanyuka, maana mwishoni tulioneshwa jinsi alivyoumia akiwa kazini. Sisi tulikuwa watoto wa wavuvi na wapagazi wa samaki. Kazi inayoumiza mwili tuliijua, tukamheshimu kama tunavyomheshimu fundi. Siku hizi steringi anarusha ngumi moja, kamera inakatwa mara nne, humwoni aliyepiga wala aliyepigwa. Nikilipa kiingilio nataka niuone mkono ukifika.

Picha za kubuni za kisayansi nazitazama kwa masharti. Black Panther ya 2018 ilinifurahisha kwa mavazi, lakini nchi inayotibu jeraha la risasi la uti wa mgongo kwa siku moja bado inampata mfalme kwa kupiganisha watu wawili kwenye maporomoko ya maji. Siikubali hiyo kuwa kesho yetu. Interstellar ninaitunza kwa tukio moja tu: baba anarejea chomboni, huko duniani imepita miaka 23, anakaa kutazama jumbe za wanawe, anawaona wakikua na kuzeeka mbele ya macho yake. Kwangu inayozipita zote ni Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, isiyozidi nusu saa. Maji yamekwisha baada ya vita, watu wanasafisha jasho na mkojo wao ili wanywe, na binti mmoja anatoka nje kwenda kupanda mche. Mtu aliyewahi kukesha akisubiri bomba litoe maji haambiwi hiyo ni ndoto ya mbali.

Lakini filamu iliyoniuma ni ya hali halisi, na inahusu mji wetu.

Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper ilitoka mwaka 2004 na ikateuliwa kuwania Oscar. Niliiona Dar es Salaam nikiwa chuoni. Inahusu sangara wa Ziwa Victoria: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na Mwanza kunabaki mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mama yangu alikuwa muuza mapanki. Aliyanunua, akayakausha, akayakaanga kwenye karai, na kwa hayo nilivaa sare za shule. Sasa nikawa nayaona kwenye ukuta wa ukumbi, yamejaa funza, wanawake wakipita katikati yake, na wanafunzi wenzangu wakiziba pua kana kwamba harufu inatoka kwenye picha.

Uongo haukuwepo katika zile picha. Funza niliwafahamu, na ile hewa inayochoma macho pia niliifahamu. Ninachobisha ni pale filamu inapotuongoza tuamini kwamba ndege zinazochukua samaki ndizo zinazoleta silaha. Yumo mwandishi wa habari anayezungumzia silaha kupita Mwanza. Mzigo wenyewe hatuoneshwi. Ungamo zito kuliko yote ni la rubani mmoja, na safari anayoisimulia ni ya Angola. Huzuni yake naiamini. Lakini huzuni ya Angola haithibitishi kilichomo kwenye ndege iliyotua Mwanza.

Rais Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani mwaka 2006. Nami siridhiki na jibu hilo. Nchi iliyotukanwa kwa filamu ingeiweka filamu hiyo uwanjani, kwa Kiswahili, ili wananchi wenyewe waibishie. Majirani zetu walioikasirikia hawakuwa wameiona. Watu wengi mle wanazungumza Kiswahili chetu cha kanda ya ziwa, na nakala niliyoiona iliwafupisha kwa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Picha ya mapigano ilipata Lufufu wa kututafsiria. Hii inayotuhusu sisi wenyewe haikupata mtu.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, nilikuja kuona katika Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo huko Kitui, alikabidhiwa kamera akapiga picha mwenyewe: shamba lake, watoto wake, dhoruba iliyobomoa nyumba yake. Katika picha alizopiga, yeye ndiye anayechagua tutazame nini. Kwa hiyo anaonekana akiwa na mipango yake, na wakati mwingine akikosea.

Mwaka juzi nilikwenda nyumbani na kompyuta, nikamwekea mama ile ya Sauper, nikimtafsiria Kirusi na Kiingereza kwa kusoma maandishi. Alikaa kimya mpaka yalipofika mapanki. Akasogeza kiti.

"Huyu mama alikuwa ananunua kwa bei gani?" akauliza.

Nikamwambia hawasemi.

"Na siku hiyo aliuza mangapi?"

Nikaisimamisha picha. Akaanza kunihesabia ya kwake: bei ya gunia, nauli ya mkokoteni, kuni, mafuta, ya kukopesha, ya kula nyumbani. Tulipomaliza ilikuwa imeshaadhiniwa magharibi, na filamu hatukuiwasha tena.