MASHAURI YA BUSTANI: Mimea ya Kudumu kwa Mtu wa Kupanga

Mtu apitaye chini ya majumba ya ghorofa ya Nyayo Highrise, pale Kibera mjini Nairobi, akiinua macho ataona madebe na makopo yaliyopangwa barazani. Mengine yana majani mabichi. Mengine yana vijiti vikavu tu. Vijiti hivyo ni fedha ya mtu. Alinunua maua kando ya barabara kwa kuwa yalimpendeza macho, akayamwagilia kwa bidii, na kiangazi hakijaisha yakafa. Masika yakija atanunua tena, nayo yatakufa tena.

Shauri letu la leo ni kupanda mimea ya kudumu, yaani ile ambayo ukiitunza vema huishi miaka mingi na kuchipua tena kwa mizizi au shina lile lile. Lakini wengi hujibu: “Mimi ni mpangaji. Nyumba si yangu wala ardhi si yangu. Ya nini kupanda kitu cha miaka kumi?” Swali hili halina upuuzi. Tarehe 23 Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang’ata Road, na maelfu ya watu wakahama. Aliyekuwa na mmea ardhini hakuweza kuuchukua. Basi mpangaji achague mimea iwezayo kukaa chomboni, na iwezayo kugawanywa.

Kwanza, tazama jua kabla ya kutazama ua. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, upande wa kusini. Kwa sababu hiyo baraza inayoelekea kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, na ile inayoelekea kusini hulipata mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Baraza ya mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, nalo hufaa mimea mingi. Asiyejua baraza yake inaelekea wapi atapanda kwa kubahatisha.

Penye jua kali, panda mshubiri, nao hauna haja ya maji mengi. Jeraniamu na agapantasi, ambazo asili yake ni Afrika Kusini, hustahimili kiangazi na baridi ya Julai pia. Angalieni tu kwamba agapantasi na mshubiri si vya kuliwa. Viwekwe mbali na watoto wadogo. Kwa ajili ya jikoni, panda mchaichai, nanaa na nderema. Nderema hutambaa, kwa hiyo ifungieni kamba ipande; chumeni ncha zake, nayo itazidi kutoa matawi. Siku za baridi hupunguza mwendo, lakini hiyo si dalili ya kufa.

Na mtu ambaye dirisha lake halipati jua? Huyo naye ana ua lake, na asili yake si mbali. Katika milima ya Usambara, mwaka 1892, ofisa Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire aliona ua dogo la rangi ya zambarau likiota kivulini, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia, kwa jina lake. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Ndugu zake huota Kenya pia, katika msitu wa Mbololo, milima ya Taita. Ua lililozoea kivuli cha msitu halitalalamika kwa kivuli cha chumba, mradi lipate mwanga. Maji yake yatiwe kwenye udongo, yasiguse majani.

Kupanda kwenyewe si kazi ngumu. Toboeni debe matundu chini, wekeni kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mwenye gunia asimamishe mawe madogo katikati, kutoka chini hata juu, ili maji yafike pande zote. Kisha atoboe ubavuni na kupandikiza miche. Bustani za namna hii zilienea Kibera tangu mwaka 2008, na familia nyingi zimepata mboga kwazo. Wakati mzuri wa kupanda ni mvua zinapoanza, mwezi wa Machi au Aprili, na tena Oktoba. Maji yaliyosafishia mboga au mchele yanafaa kumwagilia. Ya sabuni yasitiwe kwenye mboga, na ya mitaro ya maji machafu yasitumiwe kabisa.

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Mmea wa kudumu ukiachwa bila kugawanywa husongamana chomboni na kudhoofika. Agapantasi igawanywe kila miaka mitatu au minne, baada ya kutoa maua. Mchaichai hupasuliwa shinani, kila kipande na mizizi yake. Jeraniamu hukatwa tawi la inchi nne na kuchomekwa katika udongo wenye mchanga. Chipukizi la mshubiri huachwa likauke jeraha siku mbili au tatu kabla ya kupandwa. Wala msiende kuung’oa porini, ombeni kwa aliye nao. Ua la Usambara huota hata kwa jani moja lililochomekwa na kikonyo chake.

Kila mgawapo, kipande kimoja kiwe chako, na kingine umpe jirani, hasa jirani wa mtaa mwingine. Mpe mtu wa Kawangware, mpe na ndugu aliyeko shambani. Msidhani mnapoteza. Siku debe litakapoanguka kutoka ghorofa ya nne, au utakapofunga mizigo ghafula na kuacha bustani nyuma, utakwenda kwa yule uliyempa, naye atakukatia tawi la mmea wako mwenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi twaongeza kwamba akiba ya mkulima wa mjini isiwekwe barazani kwake tu.