Daftari la Hesabu Lenye Picha

Wazazi wapenzi, wengi wetu hapa Mkwajuni tukikuta daftari la hesabu limejaa picha za watu, hulichana, kisha fimbo hufuata. Ngojeni kidogo! Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1969, alipenda mno kuchora katuni. Angali kijana alizipeleka magazetini, nazo zikapigwa chapa. Baadaye alianza kusomea usanifu wa majengo, lakini mwaka 1992 akaajiriwa na gazeti la Nation huko Nairobi. Ndiye Gado, ajulikanaye hata ng’ambo. Ila angalieni: hakuzificha picha zake chini ya godoro. Basi mnunulieni mtoto daftari la pili, lile la hesabu libaki la hesabu. Picha iliyo nzuri ailete ofisini parokiani, tumpelekee mhariri. Stempu nitatoa mimi.