Lenzi Kongwe na Kofia ya Marehemu Bibi

Kofia aliyoishona marehemu bibi yetu imechakaa, na vitobo vyake vimeanza kupasuka. Tulitaka kuihifadhi nakshi yake kabla haijapotea, lakini picha za simu zilitoa weupe mtupu, na lenzi maalumu za picha za karibu bei yake hatukuiweza.

Ndani ya mtoto wa meza mlikuwa na lenzi ya milimita 50, masalio ya kamera ya filamu ya baba. Lenzi kama hiyo ikigeuzwa, mbele yake ikaelekea kamera, hukuza kitu kidogo kwa namna ya ajabu. Kinachohitajika ni pete moja ya kuishikisha, nayo si ghali. Kipimo cha pete hufuata hesi za mbele ya lenzi, kama vile 49 au 52. Sisi hatukukitazama, tukanunua mara mbili.

Ubora wa lenzi kongwe ni kuwa tundu lake hufungwa kwa mkono. Nyingi za kisasa hungoja amri ya kamera, na zikigeuzwa haziipati. Tulilifunga hadi 8, kofia tukaiweka dirishani, kamera tukaisogeza mbele na nyuma, unywele kwa unywele. Feni ilizimwa, watoto walinung'unika.

Anayenunua lenzi ya mtumba na aimulike kwa tochi. Unyevu wa pwani huotesha kuvu viooni, mfano wa utando wa buibui.

Picha ya kumi na moja ilihesabika uzi kwa uzi. Dada yetu ameanza kushona kwa kuitazama. Yuko safu ya tatu.